Habari za John Boyd Orr, Mchunguzi wa Chakula cha Wanyama

Mtu yeyote aliyepata kuchunga ng'ombe, hata kwa siku chache tu alipokuwa mtoto, ameliona jambo hili. Wanyama wako katika malisho mazuri, majani yamefika magotini, wala hapana ukame; walakini mmoja huyaacha majani yale, akaenda mahali palipo na udongo mtupu, akaanza kulamba. Mwingine humfuata. Mwingine huokota mfupa mkavu, akautafuna kwa bidii kama mtoto atafunaye muwa. Wazee waliojua kazi ya ufugaji hawakulicheka jambo hili. Walizijua mahali zote penye udongo wa chumvi, wakawaswaga wanyama wao mpaka huko, au wakawaletea magadi zizini. Ukiwauliza sababu, watakuambia kwamba ng'ombe asiyelamba hanenepi, maziwa yake ni haba, na ndama wake ni dhaifu. Jibu hilo ni la kweli. Ila ndani ya udongo ule mna kitu gani, na kitu hicho chafanya kazi gani mwilini, hilo halikuweza kujulikana kwa kutazama tu.

Katika mazungumzo haya twataka kueleza habari za mtu mmoja wa Uskoti aliyetumia miaka mingi ya maisha yake kutafuta jibu la maswali ya namna hiyo. Jina lake lilikuwa John Boyd Orr. Kazi yake ilianza na nguruwe na kondoo, ikafika kwa watoto wa shule, ikaishia katika mabaraza ya mataifa. Wengi waliopata kulisikia jina lake hulijua kwa ajili ya mwisho huo tu. Sisi twapenda kuanzia zizini.

Alizaliwa tarehe 23 Septemba, 1880, katika kijiji cha Kilmaurs, upande wa magharibi wa Uskoti. Baba yake alikuwa na machimbo ya mawe. Kijana alipopelekwa shule ya mji wa jirani alipendezwa zaidi na mazungumzo ya wavunja mawe kuliko vitabu, hata baba yake akamrudisha nyumbani, akasoma katika shule ya kijiji. Huko akafanywa mwanafunzi-mwalimu, yaani kijana afundishaye wadogo zake huku yeye mwenyewe angali anasoma. Kisha alipata msaada wa fedha, akaenda kusomea ualimu katika mji wa Glasgow na kuhudhuria masomo ya Chuo Kikuu cha mji huo. Sisi tulio walimu hatuchoki kuwakumbusha wanafunzi wetu ya kuwa mtu huyu alianza kwa kushika chaki.

Glasgow wakati ule ulikuwa mji wa viwanda vya chuma na vya kuundia merikebu, tena mji wenye mitaa ya kimaskini kupita kiasi. Orr alipokwisha kuhitimu alipewa shule katika mtaa mmojawapo wa hiyo. Aliwakuta watoto wamevaa matambara, wana chawa, tena wana njaa. Aliona kwamba hawezi kuwafundisha lo lote watoto walio katika hali ile, naye hakukaa ila siku chache, akajiuzulu, akaenda kufundisha mahali pengine. Wako watakaosema kwamba alikimbia. Huenda ni kweli. Mwalimu ambaye amesimama mbele ya darasa lenye njaa, akaona macho ya watoto yanamtazama wala hayamwoni, hatakuwa mwepesi wa kumhukumu.

Baada ya miaka michache ya ualimu alirudi Chuo Kikuu, mtu mzima miongoni mwa vijana, akasoma elimu ya viumbe na uganga, akahitimu udaktari mwaka 1912. Lakini hakutaka kufungua nyumba ya kutibia wagonjwa. Alivutwa na elimu ya kazi za mwili: jinsi chakula kinavyogeuka kuwa joto, nguvu na nyama. Hapo ndipo alipoambiwa ya kuwa Chuo cha Aberdeen, upande wa kaskazini-mashariki wa Uskoti, chataka mtu wa kusimamia nyumba mpya ya uchunguzi wa chakula cha wanyama. Alifika Aberdeen tarehe 1 Aprili, 1914. Nyumba ile hakuiona. Kulikuwa na shauri lililoandikwa katika karatasi na fedha kidogo za kujengea kibanda cha mbao. Orr hakupenda kibanda. Alizitumia fedha zile kujenga kuta za mawe magumu ya nchi ile, ili watu waone kwamba kazi hii si ya kupita. Kabla haijaendelea sana, mwezi wa Agosti vita vikuu vilianza.

Habari zake za vitani tutazipita upesi, ijapokuwa alipewa nishani mbili za ushujaa. Moja tu twataka kuitaja, kwa sababu yahusiana na maneno yetu. Alipokuwa daktari wa kikosi kimoja nchini Ufaransa, aliona chakula cha askari ni nyama ya mikebe na biskuti siku zote. Basi akawaagiza watu wake wakusanye mboga katika mashamba na bustani zilizokimbiwa na wenyewe. Askari wa vikosi vingine walipelekwa hospitali kwa wingi. Wa kikosi chake walibaki na afya. Hapo tayari twamwona yule atakayekuja kuwa.

Mwaka 1919 alirudi Aberdeen. Alihitaji fedha, akazunguka kuzitafuta. Akakutana na tajiri mmoja jina lake John Quiller Rowett, mfanya biashara ya mvinyo na vileo mjini London; ndiye yule yule aliyelipia safari ya mwisho ya Shackleton kwenda ncha ya kusini ya dunia. Rowett alitoa fedha za kununulia ardhi na za kusaidia majengo. Lakini aliweka sharti moja, na sharti hilo, kwa maoni yetu, lilikuwa na thamani kuliko fedha zenyewe. Alisema kwamba, kama uchunguzi wa chakula cha wanyama ukionyesha jambo lenye faida kwa chakula cha wanadamu, wachunguzi wapewe ruhusa ya kulifuata jambo hilo mpaka mwisho wake. Mwaka 1922 Malkia Mary aliifungua nyumba ile rasmi, nayo ikaitwa kwa jina la Rowett.

Sasa na tueleze kazi yenyewe, maana hapa ndipo palipo na utamu.

Mchunguzi atakaye kujua kama chakula fulani chamtosha mnyama hawezi kumtazama tu na kusema, "Huyu amenona." Orr na wenzake walifanya hesabu, nayo ni kama hesabu ya mwenye duka. Mnyama huwekwa katika kibanda kilichotengenezwa kwa namna ya pekee. Kila anacholishwa hupimwa kwa mizani, na anachobakiza hupimwa pia. Mavi yake hukusanywa yote, na mkojo wote, na kama ni jike mwenye kukamwa, maziwa yote. Kisha vitu hivi huchukuliwa kwenye chumba cha dawa, hukaushwa, huchomwa, na majivu yake hutafutwa ndani yake madini ya kila namna. Siku baada ya siku, juma baada ya juma, huandikwa upande mmoja wa daftari kilichoingia, na upande wa pili kilichotoka. Kazi hii ina uvundo, na haina sifa machoni pa watu. Lakini daftari hili halisemi uongo. Likionyesha kwamba yaliyoingia yazidi yaliyotoka, mnyama anajenga mwili. Likionyesha kwamba yaliyotoka yazidi yaliyoingia, basi mnyama anajila mwenyewe.

Na tutoe mfano wa kalsiamu, ambayo ndiyo kiini cha chokaa. Nasi kwa urahisi tutaiita chokaa. Sehemu 99 katika kila mia ya chokaa iliyomo mwilini imo katika mifupa na meno. Maziwa nayo yana chokaa nyingi, gramu 1 na zaidi kidogo katika kila lita. Basi ng'ombe atoaye lita 10 kila siku, kwa muda wa siku 300, ametoa katika maziwa chokaa ya kilo 3 na zaidi. Imetoka wapi? Kama imo katika majani alayo, ni vema. Kama haimo, ng'ombe hakatazi maziwa mara moja. Kwanza huichukua katika mifupa yake, kama mzazi auzaye vyombo vya nyumbani ili wanawe wale. Mwenye ng'ombe huona maziwa yangali yanatoka, akafurahi, wala hajui kwamba mali yake inaliwa kwa ndani. Mwisho maziwa hupungua, ng'ombe huchukua mimba kwa shida, mifupa huvunjika kwa sababu ndogo.

Walifanya majaribio kwa nguruwe pia. Nguruwe aliyefungiwa bandani, akalishwa nafaka tupu, asipate majani wala kufukua udongo, hukua vibaya, miguu yake ikawa dhaifu na yenye kupinda. Nafaka ina nguvu nyingi, lakini chokaa yake ni kidogo mno. Mwenzake alishwaye nafaka ile ile pamoja na madini yaliyopungua husimama imara. Kwa macho ya mkulima wa siku zile chakula kilikuwa ni wingi tu, yaani kujaza tumbo. Daftari la Orr lilionyesha kwamba tumbo laweza kujaa na mwili ukawa na njaa.

Kutoka bandani walitoka kwenda vilimani. Uskoti ina milima mingi yenye majani ya kondoo, na wachungaji wa huko walijua tangu zamani kwamba kondoo hupenda sehemu fulani ya mlima na kuiacha nyingine, ingawa kwa macho yetu zafanana. Orr, pamoja na Walter Elliot na mwenzao mwingine, walikata majani ya sehemu zile zinazopendwa na majani ya sehemu zinazoachwa, wakayapima. Mwaka 1926 walitangaza waliyoyaona: majani yapendwayo na kondoo yalikuwa na madini mengi kuliko yale yaachwayo. Kondoo hakuwa na chumba cha dawa, lakini ulimi wake ulimtosha. Mwaka 1929 Orr alitoa kitabu kizima juu ya madini ya malisho, na ndani yake alikusanya habari za nchi nyingi.

Maana jambo hili halikuwa la Uskoti peke yake. Katika Afrika ya Kusini, ng'ombe wa nyanda kavu walikuwa wakitafuna mifupa ya mizoga na kufa kwa sumu iliyomo ndani yake. Theiler na wenzake waligundua kwamba majani ya nchi ile yana upungufu wa fosforasi, ambayo ni mwenzi wa chokaa katika mifupa. Ng'ombe walipopewa unga wa mifupa iliyosafishwa, waliacha mizoga na vifo vikapungua. Katika bonde la Nakuru, nchini Kenya, kulikuwa na ugonjwa wa kushangaza zaidi. Ng'ombe walikonda mpaka kufa hali wamesimama katika majani tele, hata ugonjwa ule ukaitwa kwa jina la Nakuru. Ng'ombe waliohamishwa kwenda malisho mengine walipona. Kondoo wa Australia walikuwa na msiba kama huo, na mwaka 1935 wachunguzi wa huko walitambua sababu yake: udongo ulipungukiwa na kobalti, madini ambayo mnyama ahitaji kidogo sana, kiasi kisichoonekana kwa macho. Miaka mingine ilipita kabla haijajulikana kobalti yafanya nini. Ng'ombe, kondoo na mbuzi wana tumbo lenye vyumba vinne, na katika kile kikubwa wamo vijidudu wasiohesabika ambao huyachachusha majani. Vijidudu hao huitumia kobalti kutengeneza vitamini iitwayo B12, iliyotambuliwa mwaka 1948. Bila vitamini hiyo mnyama hawezi kuitumia nguvu iliyo katika majani. Hufa njaa akiwa ameshiba.

Sasa tulikumbuke sharti la Rowett. Orr aliyekuwa akipima maziwa ya mbuzi na ng'ombe hakuwa amewasahau watoto wa Glasgow. Katika miaka ile ya 1920 wakulima wa Uingereza walikuwa na maziwa wasiyoweza kuyauza, na maziwa yaliyoenguliwa mafuta walikuwa wakiwapa nguruwe au kuyamwaga. Wakati huo huo watoto wa maskini mjini hawakuyaonja. Mwaka 1927 Orr alianza jaribio katika shule za miji ya Uskoti na ya Belfast, kwa njia ile ile aliyoizoea zizini. Watoto waligawanywa vikundi: wengine walipewa maziwa kamili kila siku ya shule, wengine maziwa yaliyoenguliwa, wengine biskuti zenye nguvu sawasawa na maziwa, na wengine hawakuongezewa kitu. Baada ya miezi 7 walipimwa urefu na uzito. Walionywa maziwa walikuwa wamekua kwa kadiri ya sehemu 20 katika mia kupita wenzao. Na maziwa yaliyoenguliwa, yale ya nguruwe, yalisaidia ukuaji kama yale kamili, maana siagi ikiondolewa, chokaa na vile vijengavyo nyama hubaki.

Walter Elliot, yule aliyekata majani ya mlimani pamoja na Orr, alikuwa amekwisha kuwa Waziri wa Kilimo ilipofika mwaka 1934, ndipo sheria ilipotolewa ya kuwauzia watoto wa shule theluthi ya painti kwa nusu peni. Mwaka 1946 maziwa yale yakatolewa bure. Nasi Afrika ya Mashariki tulikuja kuwa na habari zetu: mwaka 1979 shule za Kenya zilianza kupewa maziwa bure, na watoto wa wakati ule, ambao leo ni wazee wenye wajukuu, hawajayasahau maziwa ya Nyayo.

Tumefika kwenye sehemu ya habari hizi ambayo yatuhusu zaidi, nayo yataka kusemwa kwa uangalifu. Mwaka 1931 Orr na Bwana Gilks, aliyekuwa mkuu wa waganga wa Serikali ya Kenya, walitoa taarifa juu ya afya ya makabila mawili, Wamasai na Wakikuyu. Waliona hapa nafasi ambayo haipatikani Ulaya: watu wawili wakaao karibu karibu, mmoja alaye maziwa, nyama na damu, na mwingine alaye hasa mahindi, mtama, viazi vitamu na mikunde. Kwa mtu aliyezoea kulinganisha kundi la nguruwe na kundi lingine, ilionekana kama jaribio lililokwisha kuandaliwa. Walipima maelfu ya watu. Mwanamume mzima wa Kimasai, kwa wastani, alimpita Mkikuyu kwa inchi 5 za urefu na ratili 23 za uzito, na nguvu za misuli yake, zilizopimwa kwa chombo, zilikuwa moja na nusu. Kwa Wakikuyu waliona zaidi mifupa yenye kasoro, meno mabovu, upungufu wa damu, magonjwa ya mapafu na donda ndugu. Kwa Wamasai waliona zaidi kufunga choo na baridi yabisi.

Taarifa hii ilisomwa sana, na watu wengi wa serikali walijifunza kwayo kwamba ugonjwa wa Mwafrika waweza kutoka katika chungu chake wala si katika hewa ya nchi. Hilo lilikuwa jema. Lakini wachunguzi waliokuja baadaye wameonyesha kasoro zake, nasi twakubaliana nao. Wamasai na Wakikuyu hawatofautiani kwa chakula tu. Urefu wa mtu hutoka pia kwa wazazi wake, na watu wa jamii za wafugaji wa nyanda zile ni warefu kwa asili. Nguruwe wa Aberdeen walizaliwa na mama mmoja wakagawanywa katika mabanda mawili. Makabila haya hayakuzaliwa hivyo.

Tena kuna jambo ambalo daftari halikuliandika. Wakikuyu waliopimwa hawakuwa Wakikuyu wa tangu zamani. Tangu mwanzo wa karne ya 20 sehemu ya ardhi yao ilikuwa imetwaliwa na walowezi, malisho ya mbuzi na ng'ombe yamepungua, kodi ya kibanda yadaiwa, na vijana wengi wamekwenda kufanya kazi mashambani kwa posho ya unga wa mahindi. Mahindi yenyewe yalikuwa yakiusukuma nje ulezi, na ulezi una chokaa nyingi mara nyingi kupita mahindi. Basi kusema "Wakikuyu hula hivi" ilikuwa kama kumpima mtu aliyetoka kifungoni na kuandika kwamba hiyo ndiyo desturi ya chakula cha kabila lake.

Walakini haki itendeke pande zote. Taarifa ile ile iliandika jambo moja ambalo wasomaji wake wengi walilipita bila kulijali: wanawake wa Kikuyu hawakuwa katika hali ya wanaume wao. Walikula majani ya mboga ambayo wanaume waliyadharau, na walikuwa na vyakula vyao walivyopewa wakati wa mimba na wa kunyonyesha. Kwa hiyo chokaa yao ilikuwa nyingi kuliko ya wanaume, na tofauti ya afya kati yao na wanawake wa Kimasai ilikuwa ndogo. Hapa mama zetu walikuwa wakijua lile ambalo chumba cha dawa kilikuwa kikilitafuta, kama vile kondoo wa mlimani. Twasikitika kwamba jambo hili halikutangazwa kwa sauti ile ile iliyotangaza zile inchi 5. Hata leo wako wanaume wenye kuona haya kula mchicha na kisamvu mbele ya wageni, wakadhani heshima yao imo katika ugali na nyama.

Orr alirudi kwa watu wake mwenyewe. Aliuliza: ikiwa tumepima chakula cha ng'ombe na cha makabila ya mbali, mbona hatujapima chakula cha Waingereza? Mwaka 1936 alitoa kitabu juu ya chakula, afya na mapato. Aliwagawanya watu wa Uingereza vikundi sita kwa kadiri ya fedha walizonazo. Kikundi cha chini, cha watu milioni 4 na nusu, kilitumia shilingi 4 tu kwa juma kwa kila mtu kununua chakula. Akaonyesha kwamba nusu ya taifa zima haikupata chakula kitoshacho kwa afya kamili, si kwa ujinga hasa, bali kwa kukosa fedha za kununulia maziwa, matunda, mboga na mayai. Wakubwa wengine walichukizwa. Taifa lililojiona kuwa tajiri kuliko mataifa mengi liliambiwa kwamba nusu ya watu wake wana hali ambayo mkulima hodari hangekubali kuwaona nayo ng'ombe wake. Vita vya pili vilipokuja, 1939, maarifa haya yalitumika: chakula kiligawiwa kwa vipimo, na maziwa yaliwekwa kwanza kwa ajili ya watoto na wenye mimba.

Yaliyofuata twayataja kwa ufupi. Mwezi wa Oktoba, 1945, wajumbe wa mataifa walikutana katika mji wa Quebec, Kanada, wakaanzisha Shirika la Chakula na Kilimo la Umoja wa Mataifa, na Orr akachaguliwa kuwa mkurugenzi wake mkuu wa kwanza. Alitaka liundwe baraza la chakula la dunia, litakalonunua nafaka wakati wa wingi na kuziweka akiba kwa ajili ya nchi zenye njaa, na kuzuia bei zisipande na kushuka ovyo. Serikali za Uingereza na za Marekani hazikukubali, nalo shauri lile likaanguka. Mwaka 1948 akaacha kazi ile. Mwaka uliofuata, 1949, alipewa tuzo ya Nobel ya amani; fedha zake akazitoa kwa vyama vinavyotafuta amani ya dunia. Mwaka huo huo akafanywa Lord. Huenda ndiye mtu wa pekee aliyeifikia tuzo hiyo kwa njia ya kuanzia katika mavi ya nguruwe, nasi hatusemi hivyo kwa kumdharau.

Nyumba aliyoianzisha ilidumu. Mwaka 2008 iliunganishwa na Chuo Kikuu cha Aberdeen, na mwaka 2016 ikahamishiwa majengo mapya mjini humo. Siku hizi hapo huchunguzwa zaidi chakula cha wanadamu kuliko cha wanyama.

Orr mwenyewe, alipochoka na mabaraza, alirudi kwenye shamba lake upande wa mashariki wa Uskoti, karibu na Edzell. Huko alikufa tarehe 25 Juni, 1971, akiwa na umri wa miaka 90. Mwaka huo huo serikali ya Uingereza iliwaondolea maziwa ya bure watoto wa shule waliopita umri wa miaka 7.